“Nimelipia Kugongesha Vidole?” Kinachopimwa kwa Mwenye VVU Anayetumia Kokeini

Lalamiko linalorudi kaunta yetu ya vipimo vya ubongo ni hili, na mara nyingi huletwa na ndugu wa mgonjwa: dawa za VVU zinatolewa bure CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo kwa wenye VVU, sasa kwa nini tutoe pesa ili mtu agongeshe vidole, atajiwe maneno manne, kisha aambiwe arudi wiki ijayo? Anayeuliza anahisi ameibiwa. Tunamjibu hapa kwa kirefu.

Dalili zenyewe zinafanana. Mtu hakumbuki kama amemeza kidonge cha jana. Anaanza kazi tatu, hamalizi hata moja. Kufunga vifungo vya shati kunamchukua muda. Familia inasema ni unga tu, akiacha atakaa sawa. Mwenyewe anasema ni ARV zinamvuruga. Kujua ipi ni ipi ndiko kunakokula muda.

VVU huingia ubongoni ndani ya wiki za mwanzo za maambukizi, vikibebwa na seli nyeupe za damu. Makao yake huko ni seli za kinga za ubongo, ambazo zikishaambukizwa humwaga kemikali za uvimbe pamoja na protini za virusi, hasa Tat na gp120, zilizo sumu kwa neva za jirani. Upande wa pili ipo dopamini, kemikali ya hamu, umakini na wepesi wa mwili. Ikishafanya kazi yake, pampu maalumu huirudisha ndani ya neva. Kokeini huiziba pampu hiyo. Methamfetamini, dawa nyingine ya kulevya ya kuchangamsha, huigeuza ikawa inatema badala ya kunyonya. Tat nayo huikwamisha pampu hiyohiyo. Isitoshe, dopamini ikifurika virusi huambukiza seli za kinga kwa urahisi zaidi, na dawa hizi za kulevya hulegeza ukuta unaotenga damu na ubongo, seli zenye virusi zikapata njia.

Panapoumia sana ni viini vya ndani vinavyoongoza mwendo, na sehemu ya mbele ya ubongo inayopanga mambo na kumzuia mtu asikurupuke. Ndiyo sababu ya vidole. Kipimo hiki kifupi kilichapishwa mwaka 2005 baada ya kujaribiwa Uganda na Marekani, na kina alama 12. Tunataja maneno manne, moja kwa sekunde. Kisha mgonjwa anagongesha kidole gumba na cha shahada, mkono asioutumia sana, haraka na kwa upana: mara 15 ndani ya sekunde 5 ni alama 4. Halafu ngumi mezani, kiganja bapa, ubavu wa mkono. Mizunguko minne sahihi ndani ya sekunde 10, alama 4. Mwisho anarudisha yale maneno. Analolikumbuka baada ya kudokezwa linapata nusu alama. Akipata 10 au chini anahitaji uchunguzi kamili. Alama hizo peke yake hazimpi mtu jina la ugonjwa, na anayekuuzia “cheti cha ubongo” kwa kipimo hiki tu amekuuzia karatasi.

Kuahirisha, ambako ndiko kunakowaudhi wengi, kuna sababu yake. Aliyetumia kokeini asubuhi vidole vyake vinaweza kwenda kasi kuliko kawaida. Aliyetoka kukesha siku mbili anasinzia juu ya karatasi. Matokeo yote mawili ni ya uongo. Kwa hiyo mkojo unapimwa kwanza: mabaki ya kokeini huonekana kwa kawaida siku 2 hadi 4 baada ya kutumia. Mnaonunua kipimo hicho duka la dawa, angalieni sana: mistari miwili maana yake hakuna kokeini, hata mmoja ukiwa hafifu. Mstari mmoja mbele ya herufi C ndio unaosema ipo. Ni kinyume cha kipimo cha mimba, na ugomvi mwingi nyumbani umeanzia hapo. Tukiahirisha sisi, siku ya marudio hatuitozi.

Uchunguzi kamili ni dakika 90, na hizo ndizo mnazolipia. Kumbukumbu, umakini, kasi, kupanga, lugha na mikono hupimwa kila kimoja peke yake, na matokeo hulinganishwa na umri na miaka ya shule, maana aliyeishia darasa la nne hapimwi kwa kipimo cha mhasibu. Damu huangaliwa wingi wa virusi, CD4 (idadi ya seli za kinga), kaswende, sukari, tezi ya shingoni (thairoidi) na vitamini B12. CD4 ikiwa chini ya 200 tunapima pia kriptokoka, fangasi wa homa ya uti wa mgongo. Kumwambia mtu unga umemmaliza kumbe fangasi wako kichwani ni kumuua.

Njia za mkato ndizo zinazogharimu. Ya kwanza ni vidonge vya “kuamsha ubongo”. Vingi vina chuma, kalsiamu, zinki au magnesi, na madini hayo huishika dolutegravir, moja ya ARV, tumboni isiingie vizuri mwilini. Kidonge cha ARV kimezwe saa 2 kabla ya madini hayo au saa 6 baada yake. Vya chuma na kalsiamu vinaweza kwenda pamoja nacho iwapo mtu anakula. Ya pili ni diazepam ya kutafutia usingizi, ambayo yenyewe hufifisha kumbukumbu na huzaa uteja wa pili. Ya tatu ni kuomba methadoni: hiyo ni tiba ya heroini, haina kazi kwa kokeini.

Mbaya kuliko zote ni kuruka ARV siku ya kutumia, kwa kuogopa “kuchanganya”. Dolutegravir haina ugomvi mkubwa unaojulikana na kokeini. Kidonge kinachorukwa huvipa virusi nafasi ya kupanda na kujenga usugu, kisha mtu anahamishiwa dawa za mstari wa pili, zinazotolewa zile za kwanza zikishindwa. Hizo, kama atazanavir inayokwenda na ritonavir, ndizo zinazoweza kupandisha methamfetamini mwilini. Mwambie mhudumu wako unachotumia, usiruke.

Walioacha methamfetamini kwa zaidi ya mwaka, picha za ubongo zimeonyesha zile pampu zikirudi kwa kiasi kikubwa, ingawa kumbukumbu na wepesi wa mikono havikurudi vyote. Ndiyo maana tunarudia kupima baada ya miezi 6.

Siku ya miadi njoo na kadi ya CTC, majibu ya mwisho ya wingi wa virusi, miwani kama unavaa, na dawa zote zikiwa kwenye paketi zake, za mitishamba pia. Njoo na mtu mmoja mnayeishi naye. ARV ya siku hiyo imeze kama kawaida.