Tusichome madaftari ya watoto wa makaoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wanaosimamia makao ya watoto, pamoja na walimu wenzangu waliofundisha au wanaofundisha katika zile shule ndogo zilizomo ndani ya makao hayo. Jambo lenyewe ni madaftari ya kumbukumbu zao, yaani rejesta na majalada.

Mwezi uliopita niliwapeleka wajukuu wangu wawili Unguja, tukafika Mbweni kuyaona magofu. Wengi wanayafahamu: kuta nene za mawe na chokaa, madirisha yasiyo na mbao, mizizi imeshika ukuta kama vidole, na bahari iko pale chini. Hayo ndiyo mabaki ya Shule ya Mtakatifu Maria, walikolelewa na kusomeshwa wasichana waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Kijana aliyetutembeza alijua kazi yake. Alitueleza habari za Askofu Tozer, ambaye misheni yake ililinunua shamba lile mwaka 1871, akatueleza za mwenzake Dk. Steere na vitabu vyake vya Kiswahili, na za Bi. Caroline Thackeray, aliyefika mwaka 1877, akaiongoza shule kwa miaka 25, asirudi tena kwao kukaa hadi alipofariki mwaka 1926. Nilimsikiliza kwa furaha. Kisha mjukuu wangu mdogo, aliye darasa la nne, akauliza, "Na wanafunzi walikuwa wanaitwa nani?"

Kijana wa watu alikosa jibu. Nami babu mtu, niliyeshika chaki miaka 31, nililikosa vilevile.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu shule ile. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, walikuja Unguja mwaka 1864 baada ya mambo kuwaharibikia kule bonde la mto Shire, katika Malawi ya leo, ambako askofu wao wa kwanza, Mackenzie, alikufa kwa homa mwaka 1862. Hata kabla ndimi zao hazijazoea Kiswahili, Sultani Majid alimkabidhi Tozer wavulana watano waliokamatwa ndani ya jahazi. Walimu hawajui lugha ya watoto, watoto hawajui ya walimu, na wote wanalala, wanakula na kusoma chini ya paa moja. Shule ilianza hivyo. Wasichana wakafuata punde.

Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, lakini watoto hawakupungua. Biashara ilihamia gizani, na manowari za Waingereza, hasa ile iliyoitwa London, iliyotia nanga Unguja miaka kadhaa, ziliendelea kuyakamata majahazi yaliyojaa watu. Watu wazima waliokolewa walipewa sehemu za kujenga na kulima hapo Mbweni. Watoto wasio na wao waliingia bwenini: wavulana Kiungani, karibu zaidi na mji, na wasichana Mbweni. Wasichana walifundishwa kusoma, kuandika, dini, kushona, kupika na kufua. Waliokuwa wepesi wa vitabu waliandaliwa kuwa walimu, na wengine wakapelekwa upande wa kazi za mikono. Wapo walioolewa na vijana wa Kiungani wakavuka nao bahari hadi vituo vya bara, wakaanza kuwafundisha watoto wa wenzao.

Shule ya makaoni naijua kwa ndani, kwa sababu miaka kumi na minne ya utumishi wangu niliimaliza katika shule moja ya aina hiyo huku bara. Vyumba vilikuwa vitatu, walimu wanne, na watoto hawakupata kuzidi tisini. Mtoto wa shule ya kawaida akisikia kengele ya mwisho anabeba begi anakwenda kwao. Wa makaoni anavuka uwanja tu. Mwalimu aliyemkemea asubuhi kwa hesabu ndiye huyohuyo atakayemshika mkono usiku homa ikipanda. Siku ya kufunga shule, wenzake wa kijijini wanaondoka na matokeo yao mkononi wakakimbilie kumwonyesha mtu, na yeye anasimama pale barazani akitafuta wa kumwonyesha. Nilijifunza kukaa barazani hadi jioni siku hizo.

Kuna jambo jingine ambalo sikulielewa upesi. Mtoto aliyelelewa nyumbani ana watu wanaomkumbukia mambo yake. Mama atamwambia, "Siku ya kwanza ya shule ulilia ukang'ang'ania khanga yangu." Shangazi atamwambia aliota meno mwaka ule wa njaa. Mtoto wa makaoni hana ghala hilo. Mama walezi wanabadilika, walimu wanahamishwa, wafadhili wanakuja na kuondoka. Kinachobaki kikimjua ni rejesta ya uandikishaji, daftari la mahudhurio, jalada lake, na pengine picha moja ya darasa. Akitaka kujua alifika lini, na nani, amevaa nini, akiitwa jina gani, hana pengine pa kuuliza.

Ndiyo maana historia ya Kiungani na Mbweni imenigusa. Shule hizo mbili zilikuwa dada na kaka, chini ya misheni moja, watoto wakitoka majahazi yaleyale. Lakini wa Kiungani tunawasikia. Mwalimu wao mmoja, A. C. Madan, aliwafanya wavulana waandike wenyewe habari zao: kwao ni wapi, walikamatwaje, waliuzwa mara ngapi kabla ya kufika pwani. Wayao, Wamakua, Wanyasa, kila mmoja na yake. Akazitafsiri, zikachapwa kitabu London mwaka 1887. Mwaka uliofuata hapohapo Kiungani likaanza kuchapwa Msimulizi, mojawapo ya magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili, na humo zikawa zinaandikwa habari za shule na vituo. Kwa hiyo tunaweza kumfuata John Swedi, mmoja wa wale watano wa mwanzo, hadi anapofanywa shemasi mwaka 1879. Tunaweza kumfuata Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa akiwa mtoto, hadi anapopewa upadri mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile.

Wa Mbweni je? Lucy Magombeya tunamjua kwa kuwa aliolewa na Majaliwa. Wengine wanatajwa katika barua na ripoti za walimu wao kama "wasichana wetu", wameshona hiki, wameimba kile. Mtu akimtaja mmoja kwa jina, mara nyingi ni jina la ubatizo tu, la Kizungu, na jina alilokuja nalo halipo. Nina uhakika walikuwa na mambo ya kusimulia sawa na kaka zao. Hawakuulizwa, au waliulizwa na hakuna aliyeandika. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mapaa yaliyoporomoka, maana ukuta mafundi wanaweza kuusimamisha tena.

Karatasi nyingi za UMCA zilizosalia zimehifadhiwa Oxford, Uingereza. Ningependa sana kuona Nyaraka za Taifa pale Kilimani na Kanisa la Anglikana Zanzibar wakishirikiana kuomba nakala za orodha zozote za wanafunzi zilizomo humo, na majina yatakayopatikana yaandikwe ubao mmoja pale Mbweni, hata yakiwa ishirini tu. Kijana anayetembeza wageni awe na la kumjibu mtoto wa darasa la nne.

Narudi kwetu sasa, maana huku ndiko aibu iliko.

Miaka mitatu baada ya kustaafu alinijia nyumbani bwana mmoja wa makamo, ana ndevu, ana watoto. "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia, nikamtazama, nikamjua: alikuwa anakaa karibu na dirisha, bingwa wa kugawanya. Alikuwa anashughulikia cheti cha kuzaliwa, ambacho hakuwahi kuwa nacho, na ameambiwa alete uthibitisho wowote wa shule ya msingi unaoonyesha mwaka aliozaliwa na jina la mzazi kama lilivyoandikwa siku alipopokelewa. Alikuwa ametoka kule makaoni. Shule ilishafungwa, watoto wanasoma shule ya kijijini. Alipoulizia rejesta akaambiwa kwamba walipobadilisha bati za ofisi, madaftari ya zamani yalitolewa nje, mvua ikayanyeshea, yakachomwa pamoja na takataka za ujenzi.

Rejesta hizo nilikuwa nikizijaza kwa mkono wangu, wino mweusi, na safu ya mwisho kulia niliiacha kwa maelezo: "Aliletwa na bibi yake." "Alikutwa stendi, anasema kwao kuna mto." Maneno machache tu, lakini hayakuandikwa kwingine. Nilimwandikia yule bwana barua ya kuthibitisha kwamba nilimfundisha, mwenyekiti wa kitongoji akaigonga mhuri. Jina la mama yake sikuweza kumwambia. Liliandikwa mle, nakumbuka kulikuwa na jina, na silikumbuki. Alinishukuru akaenda zake, nami sikulala.

Aliyewasha moto ule simlaumu peke yake. Nilikuwa na miaka ya kutosha kuzinakili rejesta zile na sikufanya. Wala hakuna aliyetuambia kwamba shule ndogo ikifungwa, madaftari yake yana mahali pa kwenda.

Ninachokiomba hakihitaji mfadhili. Rejesta ya uandikishaji ya shule ya makaoni iandikwe nakala mbili, moja ikae kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Za zamani zipigwe picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa; kijana mmoja anazimaliza kwa siku mbili. Shule ikifungwa, vitabu vyake vikabidhiwe kwa sahihi, kama tunavyokabidhi madawati. Madawati tunayahesabu mpaka miguu! Na kila mtoto anapomaliza darasa la saba, apewe nakala ya mstari wake wa rejesta, aikunje, aiweke na vitu vyake.

Walimu mlio kazini nawaomba na hili la Kiungani: waacheni watoto waandike habari zao wenyewe, wanaotaka, kwa Kiswahili chao, bila kusahihishwa kwa kalamu nyekundu. Asiyetaka asilazimishwe, kwani yapo ambayo mtoto hayawezi bado. Lakini anayetaka apewe karatasi, na karatasi hiyo itunzwe kwa siri yake mpaka atakapokuja kuidai.

Mimi nimenunua daftari la kurasa 200. Kila jioni naandika majina ya watoto niliowafundisha makaoni, mwaka ninaodhani walifika, na chochote ninachokumbuka kuhusu walikotoka. Mke wangu, aliyekuwa akipika pale, ananisaidia, naye anakumbuka zaidi yangu kwa sababu anakumbuka nani hakula nini. Tumefika majina 73. Darasa lililoanza mwaka 1994 bado linatusumbua: tunaziona sura zao kumi na moja, majina tunayo sita.

Aliyekuwa katika darasa hilo akiisoma barua hii, aje. Nyumba ni ileile, nyuma ya kisima.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga