Nyumba zijengwe, lakini si kwenye ardhi ya hifadhi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nipinge tabia inayozidi kuota mizizi ya kuivua hadhi ya hifadhi ardhi ya kijani iliyopakana na makazi ya watu ili zijengwe nyumba mpya. Wanaohitaji makazi ni wengi na haja yao ni ya kweli. Ndiyo maana naona ni dhuluma haja hiyo kutumiwa kuhalalisha miradi ambayo mara nyingi nyumba zake hazinunuliki na mtu wa kipato cha chini.

Watetezi wa miradi hii hudai kwamba ardhi hiyo imekaa bure, ilhali inafanya kazi usiku na mchana. Mvua inaponyesha, udongo ulioshikwa na mizizi hunyonya maji mengi na kuyaachilia polepole kuelekea kwenye chemchemi na visima. Ukishafunikwa kwa saruji na lami, maji yaleyale huteremka kwa kasi, na anayeyapokea si mnunuzi wa nyumba mpya iliyo mwinukoni, bali ni mkazi wa siku nyingi aliye bondeni, ambaye hakuwahi kuulizwa lolote. Mtaro wa kuyazuia utajengwa kwa kodi ya wote, baada ya mjenzi kuchukua faida yake na kuondoka. Vilevile miti hupoza hewa kwa kivuli chake na kwa mvuke unaotoka majanini, wakati kuta na barabara hufyonza joto mchana na kulirudisha usiku.

Husemwa pia kwamba miti itakayokatwa itafidiwa kwa miche itakayopandwa kwingine. Ahadi hiyo haitoshi hata kidogo. Mche huchukua miongo kadhaa kufikia kimo cha mti uliokatwa, na hata ukikua, mti ulio mbali hauwezi kunyonya maji ya mteremko huu wala kuwatilia kivuli watu wanaoishi hapa.

Hata hivyo, kinachonitia hofu zaidi ni ruhusa ya kwanza. Barabara, umeme na mabomba ya maji na majitaka yakishafikishwa kwa ajili ya nyumba chache za mwanzo, mwombaji wa pili atasema huduma zimekwisha kufika, na wa tatu atasema eneo hilo si la asili tena. Mpaka uliosogezwa mara moja ni vigumu mno kuutetea mara ya pili.

Kwamba inawezekana kukataa, Msitu wa Karura jijini Nairobi ni ushahidi. Katika miaka ya 1990 sehemu za msitu huo, wenye ukubwa wa takriban hekta 1,000, ziligawiwa watu binafsi kwa ajili ya ujenzi. Januari 1999 mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miche huko wakashambuliwa na kujeruhiwa, lakini hawakukubali kunyamaza, na mwaka huohuo Rais Daniel arap Moi akatangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Leo wakazi wa jiji hutembea, hukimbia na kupumzika chini ya miti ya Karura.

Nyumba zinaweza kujengwa palipokwisha kujengwa: kwenye maghala yaliyotelekezwa, viwanda vilivyofungwa na viwanja vinavyoachwa vitupu vingojee bei ipande, mahali ambapo barabara na mabomba tayari yapo na mkazi hahitaji nauli kubwa kufika kazini. Kwa hiyo, kabla ya kupokea ombi lolote la kubadilisha matumizi ya ardhi ya hifadhi, mamlaka za mipango miji zichapishe orodha ya maeneo hayo, pamoja na ripoti kamili ya tathmini ya athari kwa mazingira, kwa lugha ambayo mkazi wa kawaida anaielewa, na zimpe muda wa kutosha kuijibu. Ombi lisilotimiza masharti hayo likataliwe.

Wako mwaminifu,
Msomaji