Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Roboti Zetu Barabarani

Waheshimiwa wanachama, walimu walezi wa klabu, wazazi, pamoja na nyinyi wanafunzi mliokubaliwa kuketi nasi leo,

Assalaam aleikum, na wasioitikia salamu hiyo, hamjambo. Hesabu za fedha atazisoma Bi Mhazini, na majina ya klabu mpya anayo Katibu, kwa hiyo sitawachosha nayo. Mimi nina jambo moja. Ndilo lililotushughulisha mwaka mzima, likatugawa kwenye kamati, na ndilo mtakalolipigia kura kabla ya chai: je, chama chetu cha klabu za roboti kiendelee kupeleka timu za wanafunzi na roboti zao kwenye magwaride ya mitaa na ya sikukuu za taifa, au turudi kwenye kumbi za mashindano peke yake?

Rai yangu naitoa mapema, asije mtu akasema nimemvizia. Tuendelee, na tena gwaride lihesabiwe kuwa sehemu ya mafunzo, lisiwe pambo la mwisho wa muhula. Ila masharti yabadilike, na nitayataja.

Barabara si meza

Wengi wenu mmelelewa na mashindano ya mtindo wa FIRST, taasisi ya Marekani iliyoasisiwa na Dean Kamen mwaka 1989. Mechi zake, ziwe za watoto wa LEGO League au za wakubwa wenye roboti nzito za kubebwa na watu wawili, huisha kwa takriban dakika mbili na nusu. Roboti huingia uwanjani betri imejaa, hukimbia, hutoka, hubadilishiwa betri. Gwaride halina huruma hiyo. Kipande cha Moi Avenue ya hapa Mombasa ambacho mtu mzima hukitembea huku akizungumza na simu, roboti hukaa humo saa nzima na zaidi, kwa sababu mbele kuna skauti, mbele ya skauti kuna bendi, na mbele ya bendi kuna mgeni rasmi aliyesimama kusalimiana na watu. Unakwenda hatua chache, unasimama. Unakwenda, unasimama.

Hapo ndipo hesabu ya darasani hupata maana. Betri ya volti 12 iliyoandikwa 7 Ah, yaani ampea-saa 7, ile ya kwenye vifaa vya akiba ya umeme vya kompyuta, ukiichota ampea 10 mfululizo inapaswa kudumu dakika 42. Haidumu. Kile kiwango kilichoandikwa ubavuni kilipimwa kwa kuinywa betri polepole kwa saa 20. Ukiinywa kwa pupa inakupa kidogo. Wanafunzi wetu walikuwa na fomula hiyo daftarini. Waliiamini walipokuwa karibu na Pembe, yale matao ya pembe za ndovu ya Moi Avenue, jua limesimama utosini.

Niseme kidogo kuhusu siku hiyo, maana imesimuliwa vibaya. Timu moja kutoka ng'ambo ya Nyali ilikuwa imeunda roboti yake kwa mota za waipa za gari, zilizonunuliwa kwa wauza spea za magari yaliyotumika. Ni chaguo zuri: mota ya waipa ni ya volti 12, ina nguvu, bei yake inafikika, na mafundi wote wa mjini wanaijua. Lakini ndani yake mna gia ya parafujo. Mota huweza kuzungusha gurudumu, gurudumu haliwezi kuizungusha mota. Kwa hiyo betri ilipokata, roboti haikusimama tu, iling'ang'ania lami. Vijana wanne waliisukuma, magurudumu yakaburuzika bila kuzunguka hata robo. Nyuma, bendi ikabaki inapiga wimbo uleule mahali pamoja. Wakatokea mahamali wawili na mkokoteni mtupu, wakauliza, "Yapandishwa hii?" Ikapandishwa, ikafungwa kamba, gwaride likaendelea, na makofi yaliyopigwa pale sijawahi kuyasikia katika ukumbi wowote.

Wapo wajumbe wa kamati walioniambia ile ilikuwa aibu. Mimi nilikwenda karakana ya shule ile wiki zilizofuata, nikakuta vitu viwili. Kwanza, kitovu cha kila gurudumu kimetobolewa na kutiwa pini: ukiichomoa, gurudumu linaachana na mota, roboti inasukumika kama toroli. Pili, wameongeza cheni na gia za baiskeli, ile ndogo kwenye mota na ile kubwa kwenye gurudumu. Roboti ikawa ya mwendo wa kinyonga, lakini mota haihangaiki tena, na ampea zinazochotwa zikashuka sana. Aliyewakatia gia ni fundi wa baiskeli wa mtaani. Hakuna kitabu wala mlezi aliyewatuma. Mtaala wa umilisi tunaousifu kila siku, ule ulioanza kutekelezwa nchini 2017 kwa majaribio, ndio huu, kwa macho yangu.

Jua, chumvi na buibui

Mengine tuliyojifunza nayapitia haraka. Vioo vya skrini na taa ndogo za rangi, ambazo timu hupenda kuzitumia pesa, havionekani mchana. Afadhali bango la kitambaa. Hewa ya bahari hula viungo vya waya, basi vipakwe grisi au vaselini kabla, si baada ya kutu. Sehemu zilizochapwa kwa printa ya 3D kwa plastiki ya PLA huanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi, na ndani ya gari lililoegeshwa juani Mombasa hazichukui muda kufika huko. Klabu moja ilifungua buti ikakuta mkono wa roboti umeinama kama unasalimia. Tumieni PETG, plastiki inayostahimili joto zaidi, au mbao. Mbao haina ubaya wowote.

La vihisi linataka maneno zaidi, kwa kuwa linahusu usalama. Vihisi vya mwanga wa infraredi, vile vya kufuata mstari na kupima umbali, hupofuka kwenye jua kali kwa sababu jua lenyewe limejaa mwanga huo huo. Timu nyingi zikahamia kwenye vihisi vya mawimbi ya sauti, vya bei nafuu, vinavyopima hadi mita 4 hivi. Mezani vikafanya vizuri mbele ya ukuta na mbele ya kiti. Mtaani watu wamevaa buibui, leso na kanzu. Kitambaa laini humeza sauti, na mwangwi unaorudi ni hafifu. Roboti inayoona ukuta inaweza isimwone mama aliyesimama ukingoni na mtoto wake. Huo si wasiwasi wangu wa uzee. Tuliupima uwanjani kwa leso iliyotundikwa kwenye kamba, na walimu walezi waliokuwepo ni mashahidi.

Kwa hiyo sharti la kwanza ninalopendekeza: katika gwaride, hakuna roboti inayojiendesha yenyewe. Itaendeshwa na mwanafunzi, mwingine atatembea kando yake mkono ukiwa karibu na kitufe chekundu cha kuzima umeme, na wawili watashika kamba kushoto na kulia. Rimoti ya Bluetooth isitegemewe katikati ya umati wenye simu mifukoni. Waya mrefu wa kushika mkononi haupendezi, lakini haukatiki mawasiliano. Najua wanafunzi wa programu watanuna. Wanune.

Kule Marekani timu za FIRST huingia katika magwaride ya miji, hasa ya tarehe 4 Julai, na baadhi ya roboti zao hurusha fulana kwa watazamaji. Video zake zimezunguka kwenye vikundi vyetu, na nimeombwa zaidi ya mara moja turushe peremende. Hapana. Peremende ikianguka lamini, mtoto ataifuata chini ya gurudumu la tuktuk. Atakayetaka kugawa kitu agawe mkononi, akiwa ameketi kibandani baada ya msafara.

Kibali, saa na siasa

Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, inamtaka mwandaaji wa msafara wa hadhara kumpa taarifa mkuu wa kituo cha polisi siku zisizopungua tatu na zisizozidi 14 kabla, na msafara wenyewe uwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Tukialikwa na wengine, taarifa hiyo ni juu yao. Lakini kuanzia sasa Katibu ataomba nakala kabla timu haijatoka shuleni. Kuna mwaliko mmoja tulioukubali kwa maneno ya simu tu. Tuliambiwa saa mbili asubuhi, msafara ukaanza saa tano unusu, watoto wakasubiri juani bila hema wala maji. Waandaaji hao sitawataja. Wakituita tena, watajibu kwanza maswali mawili: kivuli kiko wapi, na maji yatatoka kwa nani.

Kuhusu picha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Fomu zipo. Mwanafunzi ambaye fomu yake haijarudi atatembea na timu kama kawaida, ila chama hakitaichapisha picha yake.

La siasa nalisema wazi kwa sababu uchaguzi mkuu uko Agosti 2027 na harufu yake imeshafika Mombasa. Tumeanza kupata maombi ya roboti "kunogesha" misafara ya watu wanaotaka vyeti vya uteuzi wa vyama vya siasa. Ombi mojawapo lilikuja na rangi za kupaka. Kamati ilikataa, na naomba mkutano ulitie jambo hili katika katiba yetu: roboti ya mwanafunzi haibebi picha ya mgombea, iwe wa kiti cha wadi au cha juu kabisa. Mfadhili atakayeudhika na audhike.

Kwa nini basi tusikae ukumbini?

Mwalimu mmoja mlezi, ambaye namheshimu sana, aliandika kwenye kamati kwamba tumewafanya watoto wachezaji ngoma. Nimelifikiria neno lake. Pwani hii, lakini, gwaride halijawahi kuwa jambo la mzaha. Mwanzoni mwa karne ya 20 vyama vya ngoma ya beni vilishindana hapa kwa bendi, sare na misafara, na mtaa mzima ndio uliokuwa mwamuzi. Watu wa Mombasa wanajua kutazama. Wanajua kilichoandaliwa vizuri na kilichovurugwa, na hawakai kimya.

Ukumbini, anayemhoji mwanafunzi ni jaji mwenye karatasi ya alama. Barabarani ni yeyote. Katika matembezi ya mtaa upande wa Likoni, nyanya mmoja alimkamata msichana wa kidato cha pili aliyekuwa ameshika kamba, akamuuliza:

"Mwanangu, hichi chaweza kunibebea mitungi?"

"Bado, nyanya."

"Basi kikiweza, niite."

Msichana yule hakulisahau. Tunaoishi mji huu tunajua maji ya mfereji yanavyokuja na kupotea, na mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20 kabla hujahesabu plastiki. Timu yake imeacha roboti ya kucheza mpira waliyokuwa wakiiunda, sasa inatengeneza mkokoteni wenye mota ya kumsaidia msukumaji kwenye kilima. Walikwenda kuwauliza wauza maji wenyewe: mitungi mingapi kwa safari, kilima kipi kinawatesa, wanapumzika wapi. Jibu walilopewa kuhusu breki liliwafanya wachore upya kila kitu, kwa sababu wauza maji walisema kupanda si tatizo kubwa. Tatizo ni kuteremka na mzigo. Mchoro huo uko kwenye meza ya nyuma, tafadhali upitieni wakati wa chai. Sijaona bado katika mashindano yoyote kanuni ya mchezo iliyomfanya mwanafunzi wetu aende kumuuliza mtu kitu kama hicho.

Mashindano sitayaacha. Yana nidhamu yake, na mwanafunzi anayelenga chuo kikuu anahitaji cheti. Lakini tukiwa na fedha za safari moja ya mbali ya timu moja, au za betri, grisi, kamba na usafiri wa feri na matatu kwa klabu zote kushiriki gwaride moja mjini, mimi nitapiga kura yangu kwa hilo la pili. Bi Mhazini haafikiani nami, na amepewa nafasi ya kusema baada yangu.

Maazimio yatakayowekwa mbele yenu ni haya: chama kishiriki magwaride yasiyo ya kisiasa kwa mwaliko wa maandishi, kanuni ya kitufe, kamba na mwendeshaji iwe ya lazima, na chama kinunue mkokoteni mmoja wa kukaa nyuma ya timu zetu kila msafara. Mahamali tuliowapata karibu na Pembe wamekubali kutufundisha namna ya kufunga mzigo.

Shukrani kwa walimu walezi, kwa wazazi waliokesha wakishona mabango, na kwa fundi wa baiskeli aliyekataa malipo. Nafasi ya mtunza vifaa iko wazi baada ya aliyekuwepo kuhamishiwa kaunti nyingine. Anayeitaka amwone Katibu kabla hatujaondoka. Na klabu tatu zilizoazima chaja za chama tangu Mashujaa, tafadhali zirudisheni kufikia Ijumaa, kwa maana kuna timu inazisubiri kwa ajili ya Jamhuri.