Barua kwa Saida: tusiupe ule mkanda jina mapema

Mpendwa Saida,

Salamu nyingi kwako na kwa wote mlio nao maabara. Nimeisoma rasimu yako, na naandika kwa haraka kabla hujaipeleka kwa mhariri.

Umesema mkanda mpya (kilele cha ufyonzaji wa mwanga) katika spektra yako ya infraredi ni wa muungano wa molekuli mbili katika umbo lenye nishati ndogo kuliko maumbo yote yaliyokokotolewa, kana kwamba baridi ya kelvini 0.37 ndani ya matone ya heli huzishusha molekuli hadi chini kabisa. Hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Matone hayo huzinyang'anya molekuli joto upesi mno, hata zikikutana humo hukosa nishati ya kuvuka kizuizi kidogo tu, zikanaswa katika umbo la kwanza linalozipokea. Watafiti Nauta na Miller walionyesha mwaka 1999 kwamba sianidi ya haidrojeni hujipanga humo kuwa mnyororo mnyoofu, kwa kuwa daipoli zao, yaani ncha chanya na hasi za umeme, huelekezana zikiwa bado mbalimbali. Mwaka uliofuata wakakuta molekuli sita za maji zimefanya duara, ilhali maji sita yakiwa huru hupendelea umbo la kizimba. Kila nikiyasoma matokeo hayo hustaajabu upya.

Unajitetea kwamba masafa ya mtetemo uliyopima yanakaribiana na yale yaliyokokotolewa na kompyuta. Ni kweli, na heli yenyewe husogeza mistari ya spektra kidogo sana, lakini hesabu ya mitetemo huweza kukosea zaidi ya tofauti iliyopo kati ya maumbo mawili ya muungano huo unayoyalinganisha. Ushahidi wenye nguvu ungetoka kwenye uga wa umeme: ukizielekeza daipoli, kisha ukaigeuza polarai ya leza (mwelekeo wa mtetemo wa mwanga wake) iwe sambamba na uga na baadaye iukate kwa pembe mraba, badiliko la ukubwa wa mkanda litakuonyesha pembe kati ya daipoli na mwelekeo wa mtetemo wa molekuli. Maumbo mawili yenye masafa yanayofanana mara nyingi hutofautiana katika pembe hiyo.

Kazi yako ni nzuri, Saida, na ndiyo maana sitaki mtu aje kuipinga kwa jambo ambalo ungeweza kulipima mwenyewe.

Je, ulibadilisha shinikizo la mvuke ili kuhakikisha ni molekuli mbili tu zilizonaswa katika kila tone? Lile umbo la pili lina daipoli kiasi gani? Mwalimu ameuona mchoro wa nne? Na ile pampu, imeshapona?

Rafiki yako,
Rehema