Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mambo ya Vigoda vya Buluu

Ndugu wanachama, wazee wetu na vijana mliojiunga mwaka huu, salaam.

Hesabu atawasomea mweka hazina. Mimi nianze na vigoda vya buluu, maana najua ndivyo mlivyokuja kuulizia.

Mteja alitaka vigoda vilandane na vitambaa vya mito yake. Tulichanganya rangi ofisini, chini ya taa ya tyubu, tukaweka kibao juu ya kitambaa: shwari kabisa. Vilipofika barazani kwake Nyali, juani, kitambaa kikabaki buluu na vigoda vikawa kama zambarau. Alifoka, nami nikamfokea mpakaji bure. Namwomba radhi mbele yenu. Rangi mbili za michanganyiko tofauti huweza kufanana chini ya taa moja, zikaachana chini ya nyingine. Sasa kila sampuli hutolewa nje saa sita mchana, kisha jioni, kisha hutazamwa pale pale itakapokaa, ndipo mteja atie sahihi.

Skrubu nazo. Chuma cha pua namba 304 hutoa madoa ya kahawia kwa hewa yetu ya chumvi. Tununue 316, ambayo imechanganywa na metali iitwayo molibdenamu na huhimili chumvi zaidi. Ni ghali, najua. Na msidanganywe dukani na mtu mwenye sumaku: haiwezi kuwatenganishia hizo mbili.

Kuhusu mbao, wachongaji wa Changamwe wanajua kuliko mimi. Mpingo na muhugu hukua polepole mno, na tumeikata bila huruma. Mwarobaini umejaa mitaani na hukua upesi, ila ukichongwa mbichi hupasuka, kwa hiyo tukaushe kwanza. Ninalolipinga ni kuupaka kiwi nyeusi ya viatu ili mgeni adhani ni mpingo. Mwezi wa Julai nilishika bakuli moja, vidole vikatoka vyeusi. Chini ya ile kiwi palikuwa na hudhurungi yenye wekundu, na mishipa ya mbao imepinda vizuri ajabu. Mzee mmoja aliniambia mwarobaini hauna heshima. Nilimjibu: tutauheshimuje na sisi wenyewe tunauficha?

Ada za mwaka ziko pale pale.

Vigoda kumi na viwili vya buluu vingali stoo. Mwenye baraza lenye kivuli nyumbani kwake anione baada ya mkutano.