Ramani ya nguruwe imemkosesha ami yangu sindano

Mhariri,

Miaka yote nimelisoma gazeti lako nikinyamaza, hata mlipoiandika Shela yetu ya Lamu kana kwamba iko Malindi. Lakini ile habari ya ramani za jeni za nguruwe na binadamu imenishinda. Mlisema mtu na nguruwe "karibu ni kitu kimoja", mkaishia hapo.

Waliozilinganisha ramani hizo hawakusema hivyo. Nguruwe ana kromosomu (nyuzi za ndani ya seli zinazobeba jeni, yaani maagizo ya urithi) 38, mtu ana 46. Kinachofanana ni vipande: jeni zilizofuatana kwetu mara nyingi zimefuatana kwake pia, ila vipande vyenyewe vimehamahama. Kromosomu yetu ya 17 inalingana na ya 12 ya nguruwe. Kwa nasaba, nguruwe ni jamaa wa ng'ombe na pomboo. Sisi hata panya wa darini yuko karibu nasi zaidi. Na moyo wa nguruwe aliotiwa mgonjwa kule Baltimore Januari 2022 ulitoka kwa nguruwe aliyebadilishwa jeni kwanza, mabadiliko 10. Kama ni kitu kimoja, ya nini taabu hiyo?

Sasa sikiliza. Gazeti lilisomwa kwa sauti barazani, hapa Langoni, baada ya alasiri. Ami yangu, mgonjwa wa sukari, alikuwapo. Mjuaji mmoja akadakia kuwa ndiyo maana insulini hutolewa kwa nguruwe. Ami akarudi nyumbani, akakataa sindano. Nikamweleza mpaka koo likakauka: ya nguruwe, inayopishana na yetu kwa asidi amino (matofali ya protini) moja tu kati ya 51, ilitumika zamani, kweli, lakini tangu 1982 iko ya binadamu inayotengenezwa na bakteria, na kichupa chake ni hiyo. (Na ingekuwa ya nguruwe, dharura si ina hukumu yake?) Akanijibu, "Gazeti lote liseme uwongo, mwanangu, ukweli uwe wako?" Sukari ikapanda, fahamu zikaanza kumtoka, tukambeba kwa machela vichochoroni huku tukipisha pikipiki. Pikipiki, ndani ya Mji wa Kale ambao UNESCO iliuorodhesha 2001! Punda anajua kusimama akiona mgonjwa. Hawa wanapiga honi. Hilo mbona hamliandiki?

Ami amepata nafuu, lakini sindano bado anaitilia shaka. Basi mleteni mwandishi wenu. Apande boti Mokowe, aje na ramani zote mbili na kalamu ya rangi, akae barazani siku ya Alhamisi, aisome lebo ya kichupa kwa sauti ileile mliyotumia kwenye kichwa cha habari. Kahawa nitalipa mimi. Halua ajinunulie.

Msomaji, Langoni, Lamu