Barua kwa mwanangu: kabla hujalipia pete ya halo

Moshi

Mwanangu Elibariki,

Marahaba. Huku tu wazima wote, mama yako anakusalimu, na shangazi zako wameshaanza kuulizia siku ya kupeleka kishika uchumba.

Picha ya pete uliyonitumia nimeitazama kwa makini, nikaikuza mpaka kucha zinazoshika mawe zikaonekana. Ni pete nzuri ya halo, yaani jiwe la kati lililozungukwa na vijiwe vidogo, na naelewa kwa nini umeipenda. Ila usiache hata shilingi ya kianzio pale dukani kabla hujamaliza kusoma barua hii. Ukinunua pete ya jiwe moja, fedha yako nyingi inakwenda kwenye jiwe. Kwenye halo unanunua zaidi mkono wa fundi, maana vijiwe vile vinavyozunguka ndivyo vinavyoanguka, na vikianguka pete inakuwa kama mdomo wenye pengo.

Tuanze na vipimo. Karati moja ni gramu 0.2. Almasi ya duara ya nusu karati ina upana wa milimita 5.1 hivi, na ya karati moja milimita 6.5 hivi. Sasa chukua ile ya nusu karati, izungushie vijiwe kama 16 vya milimita 1.3 kila kimoja: uso wote wa pete unafika karibu milimita 8. Jicho linaona jiwe kubwa kuliko la karati moja, wakati vijiwe vyote 16 kwa pamoja havifiki hata robo karati. Huo si udanganyifu, ndiyo kazi ya halo. Na kwa kuwa almasi ya karati moja huuzwa zaidi ya mara mbili ya bei ya nusu karati yenye ubora uleule, unaokoa fedha ya maana.

Udanganyifu unaingia pale muuzaji anaposema "hii ni karati moja" huku akiwa amejumlisha jiwe la kati, vijiwe vya halo na vile vya kwenye mkanda wa pete. Mwambie akuandikie uzito wa jiwe la kati peke yake na uzito wa vijiwe peke yake, na yote mawili yaingie kwenye karatasi ya mauzo pamoja na risiti ya EFD. Akikataa kutenganisha, toka.

Rangi ya almasi hupangwa kwa herufi kuanzia D, isiyo na rangi kabisa, hadi Z yenye umanjano. Vijiwe vya halo mara nyingi huwa G au H. Ukiweka katikati jiwe la K, vijiwe vyeupe vinavyolizunguka vitalianika umanjano wake, ingawa lingekuwa peke yake usingeuona. Jiwe la kati lisishuke zaidi ya daraja moja au mawili chini ya vijiwe vyake. Kuhusu usafi wa ndani usijisumbue sana. Kama doa halionekani kwa macho matupu na halipo pembeni linakoweza kuanzisha ufa, linatosha. Ila mkato, yaani jinsi jiwe lilivyochongwa, usiupunguzie ubora. Jiwe lililokatwa vibaya huvujisha mwanga kwa chini na kubaki na kivuli katikati, na halo inayomeremeta pembeni italifanya lionekane limelala.

Sasa chukua lenzi ya kukuza mara 10, hii niliyokuwekea. Isogeze karibu kabisa na jicho, kisha sogeza pete mpaka ionekane vizuri. Angalia vijiwe kimoja baada ya kingine, usiruke. Kila kimoja kinashikwa na punje ndogo za dhahabu, na hizo punje ziwe zimekilalia kweli, zisiwe zimekigusa kwa ncha tu. Nyuso zote ziwe usawa mmoja. Kimoja kikiinama kuliko wenzake, ujue tundu lake lilitobolewa vibaya na ndicho kitakachotangulia kuanguka. Geuza pete utazame nyuma: chini ya kila kijiwe pawe na tundu lililo wazi, la sivyo uchafu utakaa humo na hautatoka. Kisha pitisha kipande cha soksi ya nailoni juu ya uso wote. Ikinasa, kuna ukucha uliosimama. Mwisho isogeze sikioni, uigongegonge taratibu kwa kidole. Jiwe lililolegea hutoa mlio mdogo wa tik-tik.

Mkanda wenyewe, ile sehemu inayozunguka kidole, usikubali uwe chini ya milimita 1.8 kwa unene. Najua nyembamba zinapendeza kwenye picha. Lakini mkanda mwembamba hupinda ukishika mpini wa jembe, ndoo ya maji au mlango wa daladala, na kila unapopinda, matundu ya vijiwe hutanuka kidogo na vijiwe hulegea. Mtu anadhani jiwe limeanguka kwa bahati mbaya, kumbe mkanda ulikuwa unapinda mwaka mzima. Nusu ya chini ya mkanda iachwe wazi bila vijiwe, ili sonara apate mahali pa kukata siku ya kupanua au kupunguza pete.

Fikiria pia pete ya ndoa itakayokaa ubavuni mwake. Halo iliyokaa chini sana itaisukuma pete ya ndoa na kuacha mwanya, au mbaya zaidi zitasuguana na kula kucha za vijiwe kidogo kidogo. Nenda dukani na pete nyembamba ya kawaida, uziweke pamoja uone.

Dhahabu iwe karati 18 (kwa dhahabu karati ni kipimo cha usafi, si uzito), yenye muhuri 750, au karati 14 yenye muhuri 585. Ile ya karati 22 wanayoisifia ni laini mno kushika vijiwe vidogo hivi. Dhahabu nyeupe hupakwa juu metali nyeupe iitwayo rodiamu, na baada ya mwaka mmoja au miwili weupe wake huanza kugeuka krimu, hivyo itarudi kwa sonara kuchovywa upya. Uliza kama imechanganywa na nikeli, kwa sababu wapo watu wanaowashwa nayo mpaka ngozi inabanduka. Platinamu haina tabu hiyo, ila ni nzito.

Kuhusu almasi bandia, kalamu ya kupimia joto itakukamatia zirkonia, lakini moisanaiti itapita kama almasi. Kuna kifaa kingine kinachopima umeme kwa ajili hiyo. Kwa lenzi, tazama moisanaiti kwa upande: kingo za nyuma utaziona mbili mbili. Almasi ya maabara, yaani iliyotengenezwa na watu, nayo ni almasi kweli; kalamu haitaitofautisha, ni maabara ya kupimia vito tu yenye vifaa vya kuitambua. Hakuna ubaya kuinunua, mradi uambiwe na ulipie bei yake, ambayo iko chini sana. Jiwe la kati likiwa na cheti cha GIA, taasisi ya Marekani inayopima vito, namba iliyochongwa kwenye ukingo wake lazima ilingane na ya kwenye cheti, na hiyo namba unaweza kuihakiki kwenye tovuti yao. Vijiwe vidogo havina vyeti, kwa hiyo hapo unategemea duka. Usinunue jiwe mkononi mwa dalali hapo Arusha pale Mnara wa Saa hata akikuapia kwamba limetoka mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga. Mwadui imetoa mawe ya heshima, likiwemo lile la waridi la karati 54.5 lililopatikana mwaka 1947 na kupewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, lakini biashara ya madini inahitaji leseni, na asili ya jiwe huwezi kuisoma kwa macho.

Watakushawishi pia uweke tanzanaiti katikati, kwa kuwa Mirerani inakochimbwa ni hapo tu. Ni jiwe letu na rangi yake haina mfano. Kwa hereni au kidani ningekuambia ndiyo leo hii. Kwa pete ya kuvaliwa kila siku, hapana. Kwenye kipimo cha ugumu cha 1 hadi 10, yenyewe ni kati ya 6 na 7, almasi ni 10, na vumbi la barabarani lina chembe za mchanga zenye ugumu wa 7. Kuifuta tu kwa kitambaa kikavu chenye vumbi kunaikwaruza.

Kipimo cha kidole kichukuliwe jioni, siku yenye joto la kawaida. Baridi ya Arusha ya Juni na Julai husinyaza vidole, na joto la Januari huku Moshi huvivimbisha. Zungusha uzi kwenye shina la kidole, upime kwa rula, ugawanye kwa 3.14. Uzi wa milimita 52 unakupa pete ya kipenyo cha milimita 16.6 hivi. Lazima ipite kwenye fundo la kidole kwa kusukuma kidogo. Halo ni nzito juu, ikilegea itageuka na kugonga kila kitu.

Matunzo nayaandika ili umpe binti yetu asome mwenyewe. Almasi hupenda mafuta. Migodini hata huzinasa kwa meza zilizopakwa grisi. Kwa hiyo losheni, mafuta ya kupikia na parachichi vyote hugandia chini ya jiwe na kulifanya lionekane jivu. Mara moja kila wiki mbili, ailoweke dakika 20 hadi 30 kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya maji ya vyombo. Aisugue kwa mswaki laini wa mtoto, akianzia chini, kwenye yale matundu ya nyuma. Aisuuze kwenye bakuli jingine, kamwe si juu ya tundu la sinki. Dawa ya meno hukwaruza dhahabu. Jik ni mbaya zaidi: klorini hushambulia metali zilizochanganywa na dhahabu, na ukucha hukatika bila dalili. Mashine za kusafishia kwa mtetemo hung'oa vijiwe vilivyoanza kulegea, hivyo sonara akague kwanza.

Aivue anapofua, anapolima, anapokanda unga na anapoingia bwawani. Avae baada ya losheni kukauka. Aiweke peke yake kwenye kimfuko, kwa sababu almasi hukwaruza vito vingine vyote. Na asiigonge akidhani haivunjiki: ugumu ni wa kutokwaruzika, ila pigo kali likipata mwelekeo wake jiwe hupasuka.

Kila miezi sita sonara aikague kucha. Siku ya kununua omba vijiwe 2 au 3 vya akiba vya kipimo kilekile, maana miaka mitano baadaye kupata kinacholingana ni kazi. Ikihitaji moto, hakikisha fundi ameisafisha na kuipaka asidi ya boriki kwanza. Almasi ikiungua hewani hupata ukungu mweupe usiofutika kwa kitambaa.

Ukiwa na shaka na jiwe lolote, hapo Arusha kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania, wanaofundisha ukataji na utambuzi wa vito. Waulize kabla ya kulipa.

Lenzi imo ndani ya bahasha hii, nimeifunga kwenye kitambaa cheupe. Irudishe ukija.

Baba yako